Nyumba ya mzee imebaki katikati ya maghorofa, Mwanza. Mnunuzi anasema jiwe la uani ni hasara

MtotoWaMwatex:

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Niko Mwanza, kata ya Mirongo. Ukitoka kwetu kwa miguu hujamaliza kutafuna karanga za mia mbili ushafika Soko Kuu. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili mnayoijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo, mbele baraza. Marehemu baba aliijenga kwa mshahara wa kiwanda cha nguo cha Mwatex, chumba kimoja kimoja, ndiyo maana ukiangalia mabati juu utaona kila upande una kutu ya rika lake. Alifariki 2019. Mama yupo, ana miaka 74, analala chumba cha kwanza kulia ili asikie mlango. Tumezaliwa watano. Mimi ndiye niliyebaki naye.

Zamani mstari wetu wote ulikuwa nyumba za namna hii. Leo zimebaki tatu, na sisi tuko katikati. Kulia kuna ghorofa nne: chini fremu za vifaa vya simu, juu gesti. Kushoto walichimba shimo mwaka jana, sasa wamefika slabu ya pili. Mbele yetu ni milango ya shata tupu, ikifungwa saa kumi na mbili jioni mtaa unakuwa kama korido ya hospitali. Jua nalo limekuwa la mgawo. Linaingia uani saa tano, saa nane limeshazibwa. Mama alikuwa akianika michembe ya viazi siku tatu inakauka, siku hizi inaota ukungu kabla haijakauka, ameacha.

Tangu Soko Kuu la zamani livunjwe na wafanyabiashara wahamishiwe Mbugani kupisha ujenzi, madalali hawajakauka kwetu. Huyu wa sasa ana mnunuzi wa kweli, nimemwona, ameshuka kwenye gari na kupima kwa futi yeye mwenyewe. Alitaja bei nzuri. Akaingia uani, akakuta jiwe.

Nieleze hilo jiwe. Ni itale, kubwa kama kifodi, ile daladala ndogo ya zamani, limekaa kona ya nyuma. Baba alipopewa kiwanja alilikuta, akajenga kwa kulizunguka. Sisi tumelitelezea mpaka kaptula zikatoboka, mama ameanikia dagaa juu yake miaka yote. Mnunuzi kulizunguka mara moja tu akashusha milioni thelathini. Anasema kulitoa ni gharama kuliko msingi wenyewe. Dalali akaongeza ya kwake: hati ya baba ilikuwa ya miaka 33, imeanza 1987 ikaisha 2020, kwa hiyo tukichelewa "serikali itachukua bure".

Kaka zangu wawili wanataka tuuze hata kesho. Dada aliye Dar anasema tuingie ubia, mtu ajenge tugawane. Mdogo wetu yuko upande wa atakayeongea mwisho.

Mama tulimuuliza Jumapili. Alinyamaza kwanza, akamaliza kuchambua mchele, akasema, "Na fundi atashonea wapi?" Kisha akaenda kulala.

Fundi ni mzee mwenye cherehani barazani kwetu. Alikuwepo kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Halipi kodi, alikuwa akimshonea baba suruali na hiyo ndiyo kodi. Asubuhi pembeni yake kuna dada wa uji na chapati, jioni muuza kahawa na ubishi wa timu ya Pamba. Ile 2024 waliporudi Ligi Kuu baada ya miaka zaidi ya ishirini, wazee wale walikesha pale barazani na kiti cha baba walikiacha wazi. Sasa kwenye hesabu za mnunuzi, za kaka zangu, hata za dada, sijaona mstari unaosema baraza.

Naomba ushauri. Jiwe ni hasara kweli? Hilo la hati likoje? Na kuna aliyewahi kuingia ubia akatoka salama?

——

Dalali_Mkweli:

Mimi ni dalali, kwa hiyo mnitukane mapema tumalize.

Uzeni. Kiwanja cha katikati ya maghorofa mawili bei yake haipandi milele. Jirani zako wakishamaliza, anayebaki ananunuliwa kwa huruma. Ila hiyo milioni thelathini ya jiwe ni mchezo. Nami huucheza. Kiwanja kikiwa tambarare natafuta maji, kisipokuwa na maji natafuta jiwe, vyote vikikosekana natafuta ndugu mmoja mwenye shida. Chunga sana kaka yako mwenye haraka, tumeshamjua.

——

FundiMsingi_Igogo:

Kaka, nimejenga juu ya mawe ya mji huu tangu nikiwa kibarua wa kubeba zege, kwa hiyo hapa kwenye jiwe nitakaa kidogo.

Jiwe la Mwanza liko la aina mbili. Kuna lililokaa na kuna lenye mzizi. Lililokaa ni kama yai kwenye kikombe: limelala juu ya udongo, ukichimba pembeni futi tatu nne unaona tumbo lake linaanza kurudi ndani. Lenye mzizi unachimba na linazidi kupanuka, hilo ni mlima wenyewe umechungulia. Chukua vijana wawili na sururu, chimbeni pande mbili tu, nusu siku mnalo jibu. Msikubali kushushiwa hata shilingi kabla ya hapo.

Kama limekaa, linapasuliwa. Katikati ya mji baruti usiiwaze. Kuna njia ya wazee: unalichoma kwa magogo usiku kucha mpaka linapata ufa, asubuhi nyundo na mitaimbo. Pale kwenu sishauri, umesema kuna slabu mbichi upande mmoja na gesti upande mwingine. Kuna kompresa, wanatoboa matundu kwa mstari na kupachika kabari, linafunguka kama mkate. Na likishafunguka, hayo ni mawe ya msingi na kokoto. Pita njia ya Mabatini au kwetu Igogo uone akina mama wanavyogonga kokoto kutwa nzima, ile ni mali inauzwa. Huyo mnunuzi atalipia kupasua kisha atajengea jiwe lenu hilohilo, na amewakata hela. Hesabu gani hiyo?

Kama lina mzizi ndiyo kabisa. Ghorofa linataka kukaa juu ya kitu kigumu. Anasafisha uso wa jiwe, anatoboa, anachomeka nondo, anasimamisha nguzo. Wenzake wanaojenga karibu na Mto Mirongo wanachimba tope jeusi, maji yanaingia shimoni, wanakesha na pampu kutafuta huo ugumu anaoulalamikia. Mwambie kona moja ya msingi amepewa bure.

Sasa nikuulize wewe. Jirani wa kushoto alipochimba, aliacha umbali gani na ukuta wenu? Na ukuta una nyufa?

——

MtotoWaMwatex:

Fundi, ahsante sana. Umenipiga penyewe.

Alichimba mpaka usawa wa ukuta wetu, naweza kusema hata mkono haupiti. Shimo lilikaa wazi kipindi chote cha masika. Nyufa zipo. Moja inatoka kona ya dirisha la chumba cha mama inashuka kwa ngazi-ngazi kufuata matofali mpaka sakafuni. Nyingine ukumbini, nyembamba. Nilipomfuata msimamizi wa ujenzi akaniambia nyumba ya matofali ya udongo hupasuka yenyewe kwa uzee. Nikamwambia ilikuwa na uzee huohuo mwaka juzi na haikuwa na ufa. Akacheka, akanipa soda.

——

FundiMsingi_Igogo:

Soda umekunywa, ushahidi je?

Ufa wa ngazi unaotoka kona ya dirisha mara nyingi ni msingi umeshuka upande mmoja. Shimo wazi bila kuzuia kingo zake, mvua ikanyesha, udongo wa chini yenu ukahama kidogo kuelekea shimoni. Siwezi kuapa bila kuona, ila fanya hivi. Nunua jasi dukani, koroga kidogo iwe nzito, bandika kiraka saizi ya kiganja juu ya ufa, sehemu tatu: juu, katikati, chini. Andika tarehe juu yake. Jasi haina uvumilivu, ufa ukitembea hata unywele inakatika. Ikikatika ujue nyumba bado inashuka, mtoe mama chumba hicho siku hiyohiyo. Isipokatika wiki kadhaa, ufa umetulia, unazibika.

Piga picha na futi ikiwa pembeni. Kisha andika barua, usiende kwa mdomo, moja ofisi ya mtaa na nakala kwa mhandisi wa jiji, ubaki na nakala yako yenye mhuri wa kupokelewa. Angalia na kile kibao cha mradi kilichowekwa mbele ya jengo, kina jina la mkandarasi na mhandisi mshauri. Kama kibao hakipo, hilo nalo liandike.

——

Ngosha_Buhongwa:

Sisi tuliuza. Nyumba ilikuwa nyuma ya stesheni, mwendo mfupi tu kutoka hapo kwenu. Hela ziligawanywa saba, mimi nikapata kiwanja Buhongwa na nyumba ya kuezeka, siwezi kulia. Watoto wana nafasi, gari linapaki.

Ila mama kila Ijumaa anapanda daladala kwenda mjini. Tulidhani anaenda sokoni. Siku moja nikamkuta amekaa kwenye stuli nje ya duka la makava ya simu, pale palipokuwa sebule yetu. Kijana wa duka anamjua, akimwona tu anatoa stuli. Anakaa saa moja hivi, anasalimia wapita njia, anarudi nyumbani na nyanya.

——

Ng'wanike_Makoroboi:

Mwangaluka. Nitasema tofauti kidogo, msinichukie.

Mimi nilikuwa machinga Makoroboi, karibu na hekalu la Wahindi, nilitandika nguo za watoto chini. Mnaojua mji huu mnajua Makoroboi jina lilitokana na mafundi waliokuwa wakitengeneza vibatari pale, maana yake hata sisi tulikuja juu ya watu wengine. Desemba 2016 tulikuwa tumeshaanza kuondolewa, Rais Magufuli akasimamisha, tukarudi kwa vigelegele. Ikaja vitambulisho vya elfu ishirini, tukanunua. 2021 agizo jipya la kutupanga, tukaondoka nchi nzima. Nilipopelekwa mimi wateja hawakufika, mtaji ukaliwa na nauli. Nimehama mara mbili tangu hapo.

Kwa hiyo najua uchungu wa fundi wako wa cherehani. Ila nikuambie ukweli: fundi ana bahati kwa sababu baba yako alikuwa na baraza. Sisi tulikaa juu ya barabara ya watu. Siku hizi nikipita mjini na mtoto mgongoni napita pembeni ya barabara bila kukanyaga meza ya mtu, na mguu wangu mmoja unafurahi, mwingine unauliza walioondoka wanakula wapi. Sina jibu.

Ninachokuomba, usimfanye fundi awe kisingizio chako. Kama wewe ndiye hutaki kuhama, sema wewe. Na kama kweli unamjali, muulize yeye. Umeshamuuliza?

——

KaraniMstaafu:

Kijana, hamjambo. Nimefanya kazi ya mafaili miaka mingi, nitajibu la karatasi.

Kwanza, kwa maelezo yako baba amefariki 2019 na hati ni ya jina lake. Hujataja mirathi. Kama haijafunguliwa, hakuna hata mmoja kati yenu mwenye mkono wa kusaini, awe kaka mwenye haraka au dada wa Dar. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, wote wasaini, mpendekeze msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Msimamizi akishateuliwa msimpe ufalme. Ni mtumishi wa warithi, si mwenye nyumba. Na mama yenu hamumgawii kwa hisani. Ni mjane, na hiyo nyumba ilijengwa ndani ya ndoa. Yule aliyekuwa akianika dagaa juu ya jiwe alikuwa analisha wajenzi.

Pili, hati kwisha muda hakumfanyi dalali kuwa serikali. Lipeni kodi ya ardhi inayodaiwa, msimamizi aombe hati ihuishwe. Serikali ikitaka ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma ipo Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, na fidia huthaminiwa: ardhi, majengo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi. Neno "bure" halimo. Mimi nilikuwa kijana 1971 majengo ya zaidi ya shilingi laki moja yalipotaifishwa, ghorofa nyingi za Wahindi hapo mjini zikaenda kwa Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba. Huko ndiko watu walikotoa hofu ya "serikali itachukua", na madalali wanaila hofu hiyo mpaka leo.

Tatu, ubia. Si mbaya, ila nimeona faili zake zikirudi na machozi. Mwekezaji akishapata hati yenu anaipeleka benki kuchukua mkopo wa kujengea. Akikwama ghorofa ya pili, benki haimjui fundi cherehani wala jiwe, inauza. Kwa hiyo mkataba useme wazi kama hati inaruhusiwa kuwekwa rehani au la. Useme mama atakaa wapi wakati wa ujenzi na nani analipa pango hilo. Useme tarehe ya kumaliza na adhabu ya kuchelewa. Tangu 2008 kuna sheria inayoruhusu kila sehemu ya jengo iwe na hati yake, daini hati zenu wenyewe, msikubali ahadi ya "asilimia".

Na hili ndilo watu hulisahau: daini sehemu za chini. Mwekezaji mjanja atawapa familia ghorofa ya nne, anasema mna upepo wa ziwa. Chini kwenye barabara ndiko kwenye kodi, yeye anabaki nako. Mwanamke wa miaka 74 ngazi za ghorofa ya nne atazipanda mara ngapi kwa siku?

Tafuteni wakili wenu, asiwe yule aliyeletwa na mnunuzi kwa gari lake.

——

Dalali_Mkweli:

Mzee Karani unatuharibia kazi. Ila umesema kweli, hasa la chini.

——

MtotoWaMwatex:

Wakuu, nimerudi. Nimesoma zote mara mbili, nyingine nimemsomea mama. La mama wa Buhongwa na stuli alilirudisha nyuma nilisome tena. Hakusema kitu.

Dada wa Makoroboi, ulinichoma. Sikuwa nimemuuliza fundi. Nilimfuata juzi asubuhi, akiwa anashona sare za shule, nikazunguka maneno weee, mwisho nikasema. Akasimamisha cherehani. Akaniambia tangu shimo la jirani lichimbwe ameshatafuta mahali, kuna binamu yake ana fremu huko mtaa wa Mlango Mmoja, wangegawana kodi. Hajaenda kwa sababu macho hayaoni vizuri na hapa kwetu anapajua hata gizani. Uzi wa kila rangi anajua uko wapi. Akasema mkijenga niachieni upana wa cherehani na mlango wa kupitisha mkeka, si zaidi. Nilipima kwa futi baada ya yeye kuondoka. Ni futi nne na nusu.

Kwa hiyo ni kweli, mimi ndiye sitaki kuhama. Nimelisema kwenye kundi la familia, kaka mkubwa ametuma alama ya kucheka, dada amepiga simu. Tumekubaliana hakuna anayeongea na dalali mpaka mirathi ifunguliwe. Kikao ni Jumamosi, mdogo wetu anatoka Geita asubuhi. Siku hizi anavuka darajani Busisi, hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Nitapeleka maneno ya mzee Karani nimeyaandika kwenye daftari, la hati kuwekwa rehani na la sehemu za chini. Futi nne na nusu nimeziandika pembeni kwa wino mwekundu.

Fundi wa Igogo, tulichimba. Vijana wawili, kama ulivyosema. Upande wa choo tumbo la jiwe limeanza kurudi ndani kwenye futi tatu. Upande wa ukuta wa gesti tumefika futi tano na bado linapanuka, sasa sielewi ni yai au ni mlima. Ukipata nafasi pita, mama anasema kutakuwa na sato.

Jasi nimebandika sehemu tatu, tarehe nimeandika kwa kalamu ya mtoto. Leo siku ya nne. Ya juu na ya katikati nzima. Ya chini ina mstari mwembamba, sina hakika kama ni ufa au ni mimi nilivyoikoroga vibaya. Mama usiku huu nimemhamishia chumba changu.